Kang La, njia ya kuvukia mlima huko Nepal, ni mita 5,350 tu, chini ya kilele cha Uhuru, Kilimanjaro. Kwa nini aliyefika Uhuru anaweza kukwama Dolpo?

#1 Kivuli cha Mawenzi
Wakuu salaam. Kuna kundi la watu sita, wanne kati yao walishafika Uhuru. Wanapanga kwenda Dolpo ya Juu, magharibi mwa Nepal, mwishoni mwa Septemba. Ni safari ya kuongozwa, kwa mahema na nyumbu sita, siku 21. Ratiba ya mwanzo waliyoletewa na wakala iko hivi, mwinuko kwa mita:

Siku ya 1, ndege Kathmandu hadi Nepalgunj. Siku ya 2, ndege hadi Juphal (2,475), kushuka Dunai (2,140). Siku ya 3, Chhepka (karibu 2,700). Siku ya 4, Ringmo kwenye ziwa Phoksundo (3,640). Siku ya 5, ncha ya kaskazini ya ziwa (3,630). Siku ya 6, kambi chini ya Kang La (4,700). Siku ya 7, kuvuka Kang La (5,350) na kulala Shey (4,350).

Hoja yao ni kwamba Kang La iko mita 545 chini ya Uhuru, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Wajuzi mnasemaje?

#2 Mgumu wa Rongai
Hoja imesimama mguu mmoja. Kwa njia ya Machame unaondoka Barafu (4,673) usiku wa manane, unafika Uhuru (5,895) alfajiri, na jioni ileile unalala Mweka, mita kama 3,100. Mwili unakaa juu ya mita 5,000 kwa saa chache tu, kisha unashushwa karibu mita 2,800 siku hiyohiyo. Kilimanjaro inakusamehe kwa sababu inakushusha.

Dolpo ukishavuka Kang La unalala 4,350. Kesho yake hapo hapo, na keshokutwa unapanda tena. Usilinganishe kilele na kilele. Linganisha usiku na usiku.

#3 Daftari la Njia
Namuunga mkono #2, na hesabu ya usiku ni hii. Kanuni inayotumika na madaktari wa milimani: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila siku tatu au nne uweke siku ya kupumzika. Sasa tazama ratiba:

Chhepka hadi Ringmo ni mita 940. Ncha ya ziwa hadi kambi ya Kang La ni mita 1,070 kwa usiku mmoja, na asubuhi unaongeza nyingine 650 kufika shingoni mwa mlima. Hakuna siku hata moja ya kupumzika. Waliofika Uhuru na wasiofika wote wataumwa kichwa hapo.

#4 Tochi ya Kichwa
Jamani, Kang La si ni 5,320? Ramani niliyo nayo inasema hivyo.

#5 Daftari la Njia
Mkuu #4, hiyo ni Kang La ya Nar-Phu, upande wa Manang, mbali sana mashariki. "La" kwa Kitibeti ni njia ya kuvukia mlima, na majina yanajirudia kama "Mtoni" huku kwetu. Ya Dolpo huitwa pia Ngadra La. Ukimwandikia wakala, taja na kijiji cha kila upande: Kang La kati ya Phoksundo na Shey. Kosa la namna hii limo hata kwenye faili za GPS zinazozagaa mtandaoni, kwa hiyo kagua kabla ya kupakua.

#6 Pwani Juu
Mnasahau jambo moja la fizikia. Kilimanjaro iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, Dolpo iko kama nyuzi 29 kaskazini. Tabaka la hewa ni nene zaidi juu ya ikweta, hivyo kwa mwinuko uleule Kilimanjaro ina hewa nzito kidogo. Mita 5,350 za kule ni sawa na mita nyingi zaidi za hapa. Hiyo ndiyo sababu.

#7 Daktari wa Zamu
Umesema kweli nusu, #6. Tofauti hiyo ni kubwa majira ya baridi, Januari hasa. Kiangazi cha kaskazini tabaka la hewa juu ya Himalaya hupanuka, na shinikizo hukaribia sana lile la ikweta. Mwishoni mwa Septemba bado uko karibu na hali hiyo. Kwa tarehe walizochagua, latitudo haielezi lolote la maana. Kwa makadirio ya kawaida Uhuru ina kama nusu ya shinikizo la pwani, Kang La ni asilimia 52 hivi, Ringmo 65. Kinachoua ni kasi ya kufika huko.

#8 Nyuzi Ishirini na Tisa
Mimi naona wote mnazungumzia kupanda, wakati tatizo la Dolpo ni kutoka.

Kilimanjaro mtu akizidiwa Barafu, kiongozi anamgeuza, wagumu (wabeba mizigo) wanamshika mabega, na ndani ya saa tatu yuko chini kwa mita elfu moja. Kila hatua ya kurudi ni hatua ya kushuka. Shey ni kinyume. Ni bonde dogo lenye nyumba ya watawa, chini ya Mlima wa Kioo ambao watu wa huko huuzunguka kwa hija, na njia zote za kawaida za kutoka hupanda kwanza. Kusini ni kurudi Kang La, 5,350. Mashariki kwenda Namgung na Saldang kuna shingo ya karibu mita 5,000. Magharibi kwenda Bijer, vilevile unapanda. Mgonjwa aliyejaa maji mapafuni kwa sababu ya mwinuko, akiwa amelala Shey, hawezi kushushwa bila kupandishwa, na kumpandisha ndiko kunakommaliza.

Kwa hiyo uamuzi haufanyiki Shey. Unafanyika kambi ya chini ya Kang La, usiku, kabla ya kuvuka. Mwenye kichwa kinachouma na kichefuchefu pale haruhusiwi kuvuka asubuhi hata kama anasema yuko sawa. Anabaki siku moja na msaidizi, au anashuka ziwani. Hili liandikwe kwenye mkataba na kusomwa mbele ya watu wote sita wakiwa bado Kathmandu, maana wakiwa mlimani kila mmoja ataficha.

#9 Jiko la Mlima
#8 umenena. Lakini mimi nimekaa upande wa jikoni, na naona wengi wanaokwama hawaangushwi na mwinuko. Wanaangushwa na tumbo, kisha mwinuko unamalizia.

Anza na Nepalgunj: tambarare, joto kali, mwinuko wa mita kama 150, watu wanakula saladi na juisi ya barabarani usiku mmoja kabla ya ndege. Siku mbili baadaye wanaharisha njiani kwenda Ringmo, wanapoteza maji na hamu ya kula, na dalili zake zinafanana na za mwinuko: kichwa, uchovu, kichefuchefu. Hata kiongozi mzoefu anashindwa kutofautisha.

Maji: yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, na juu ya mita 2,000 yaendelee kutokota dakika tatu. Chujio za nyuzi zenye matundu madogo ni nzuri, ila zikiganda mara moja tu barafu inapasua nyuzi ndani. Ukilitazama chujio huoni kitu. Maji yanapita haraka kuliko jana, unafurahi, kumbe linapitisha kila kitu. Kuanzia Ringmo chujio lilale ndani ya slipingi begi, limekung'utwa maji na kufungwa kwenye mfuko. Likiganda, tupa.

#10 Mama Ntilie Kileleni
Swali la pembeni wakuu: ugali unaiva mita 4,700?

#11 Jiko la Mlima
Unaiva vizuri kabisa, #10. Wanga wa mahindi unashikana kwenye nyuzijoto kama 62 hadi 72, na maji kwenye mita 5,000 hutokota karibu nyuzi 83. Kinachokataa ni maharage, dengu na mchele, kwa sababu vinahitaji joto kwa muda mrefu. Ndiyo maana kila kikosi cha Nepal hubeba sufuria ya presha. Bila hiyo dengu zinabaki mawe na mafuta yanaisha.

Na wenyewe wana ugali wao, unaitwa dhido, wa ulezi au mahindi. Dolpo yenyewe chakula kikuu ni tsampa: unga wa shayiri iliyokaangwa kwanza, unachanganywa na chai ya siagi na chumvi kwa vidole ndani ya bakuli mpaka utoke donge. Hauhitaji moto zaidi ya chai. Siku ya kuvuka, donge la tsampa mfukoni ni bora kuliko biskuti.

#12 Mama Ntilie Kileleni
Basi nabeba unga wa sembe kilo mbili, niwapikie watawa wa Shey 😄 Ahsante.

#13 Mgumu wa Rongai
Kilo mbili ni kilo mbili mkuu, ndege ya Juphal inapima. Kikomo cha kawaida ni kilo 15 pamoja na mkoba wa mkononi. Sembe nunua Kathmandu, iende na mizigo ya nyumbu.

Tukiwa hapo kwenye mizigo, naona kundi hili halijapiga hesabu. Wageni sita na kikosi cha watu kumi ni watu 16. Kilo 0.8 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku, siku 20: kilo 256. Kuni hairuhusiwi kwa makundi ndani ya hifadhi ya Shey Phoksundo, kwa hiyo mafuta ya taa au gesi. Weka robo lita ya mafuta kwa mtu kwa siku ukijumlisha maji ya kunywa: lita 80, kama kilo 64. Mahema na jiko kilo 120. Mabegi ya wageni kilo 90. Jumla kilo 530. Nyumbu mmoja hubeba kilo 50 hadi 60, kwa hiyo nyumbu tisa hadi kumi na mmoja. Na bado hujahesabu nafaka za nyumbu wenyewe, maana juu ya Ringmo majani ya mwishoni mwa Septemba yamekauka.

Wakala aliyeandika "nyumbu sita" ama amepunguza chakula, ama atawabebesha watu. Muulize aandike uzito wa juu kwa kila mbebaji. Kwetu Kilimanjaro ni kilo 20 na mzani upo getini. Nepal wengine hubebeshwa 30 na kuzidi, na hakuna mzani njiani. Uliza pia bima ya kikosi, viatu, na hema lao la kulala. Ukiona jibu ni "wanalala hema la kulia chakula", ujue watalala baada ya wageni kumaliza soga, kwenye mita 4,700.

#14 Nyuzi Ishirini na Tisa
Ongezeo kwa #13: mwenye nyumbu hukodishwa pamoja na siku zake za kurudi nyumbani, na theluji ikishuka Kang La nyumbu hawapiti. Upande wa kusini ni mteremko mkali wa vipande vya mawe mepesi yanayoteleza kama vigae vilivyovunjika, unapiga hatua mbili unarudi moja. Yakifunikwa barafu mnyama anavunjika mguu. Mkataba useme nani analipa siku za kusubiri, na nani anaamua kugeuza. Pasipo na maandishi, mabishano yanafanyika pale pale kwenye baridi.

Na kwenye njia ya mwamba kando ya Phoksundo: ukikutana na msafara wa nyumbu, simama upande wa jabali, usisimame upande wa ziwa. Begi la mnyama likikugusa bega, chini yako ni maji yenye kina cha mita kama 145.

#15 Pwani Juu
Sawa, latitudo nimeiacha. Lakini mnakubali kwamba wakala anajua haya yote. Kwa nini basi anaandika ratiba ya mita 1,070 kwa usiku mmoja?

#16 Daftari la Njia
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Jibu langu ni kibali.

Kwa miaka mingi ada ya Dolpo ya Juu imekuwa dola 500 kwa siku 10 za kwanza, kisha dola 50 kila siku inayozidi, kwa kila mtu. Dolpo ya Chini, yaani Dunai, Ringmo na Dho Tarap, ni dola 20 kwa wiki. Kibali hutolewa na Idara ya Uhamiaji, Kathmandu, kupitia wakala aliyesajiliwa, na kanuni za maeneo ya aina hii zimekuwa zikitaka wageni wasiopungua wawili na kiongozi mwenye leseni. Ada hubadilishwa, kwa hiyo mwambie wakala akuoneshe ya mwaka huu kwa maandishi. Ada ya hifadhi iko pembeni.

Sasa hesabu siku za juu ukitembea kwa busara: ncha ya ziwa, kambi ya kati, kambi ya Kang La, Shey, kupumzika Shey, Namgung, Saldang, bonde la Nangkhong, chini ya Jeng La, kisha kuvuka Jeng La kuingia Tarap. Siku 10 kamili, bila akiba hata moja. Ukiweka siku mbili za akiba ni dola 100 zaidi kwa kila mtu, dola 600 kwa kundi. Wakala anayeshindana kwa bei anakata kambi ya kati, siku ya Shey, na akiba. Siyo kwamba hajui mwinuko. Anauza safari ya siku 21 kwa mtu anayelinganisha bei tatu.

#17 Tochi ya Kichwa
Sikubaliani, #16. Wapo mawakala wenye ratiba ndefu na wageni wenyewe ndio wanaokata, kwa sababu ya likizo. Siku 21 ni wiki tatu za ruhusa kazini.

#18 Kivuli cha Mawenzi
Wakuu nashukuru, nimenukuu yote. Sasa niulize: je, kuanzia Tarap kwanza kunatatua? Yaani Dunai, Tarakot, korongo la Tarap, Dho Tarap, halafu Numa La na Baga La kushuka Ringmo, ndipo Kang La?

#19 Daftari la Njia
Kunatatua nusu. Korongo la Tarap linapanda taratibu, unalala chini ya 3,500 siku kadhaa kabla ya Dho kwenye mita 4,000 na kitu. Ukipumzika usiku mbili pale, unavuka Numa La (5,300 hivi), unalala Danigar, unavuka Baga La (juu kidogo ya 5,000), kisha unashuka Ringmo 3,640. Umepanda juu, umelala chini. Ukifika Kang La mwili umeshajua kazi. Na ukizidiwa kabla ya Numa La, kurudi ni kushuka korongo moja kwa moja.

Hasara: siku sita hivi zaidi, na kutoka inabidi upange upya, ama kurudi Kang La, ama kuendelea hadi Jomsom kwa njia za juu zaidi.

#20 Daktari wa Zamu
Mimi bado nasema njia yoyote watakayochukua, kifaa cha kwanza ni ukaguzi wa jioni, kila siku, mgeni na kikosi pia. Kichwa, hamu ya kula, usingizi, kikohozi. Kisha mstari: mtu atembee hatua kumi, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma, kwenye ardhi tambarare, bila fimbo. Akiyumba au akikanyaga nje ya mstari, hilo si suala la uchovu, ubongo unavimba. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni msikitegemee kwanza. Kidole kikiwa cha baridi kinadanganya. Pasha mikono dakika kumi ndipo upime.

Dawa, mzungumze na daktari kabla ya safari: acetazolamide ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ni miligramu 125 kila saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, na mwenye mzio wa salfa aseme mapema. Ijaribiwe nyumbani, maana inachoma vidole na kukojoza. Dexamethasone kwa ubongo na nifedipine kwa mapafu zibebwe na kiongozi aliyefundishwa, na siyo kila mgeni kujipa. Mfuko wa shinikizo, ambao mgonjwa huingizwa ndani na kujaziwa hewa kwa pampu, una uzito wa kilo saba hivi. Kwa bonde kama la Shey alilolieleza #8, nisingekubali kundi livuke bila huo. Unamnunulia mgonjwa saa chache za kusubiri helikopta.

#21 Nyuzi Ishirini na Tisa
Na helikopta hairuki usiku wala kwenye mawingu, kwa hiyo saa chache zinaweza kuwa siku mbili. Bima: soma kikomo cha mwinuko. Nyingi zinaishia mita 4,500 au 5,000. Mnahitaji inayofika 6,000, yenye uokoaji wa helikopta ulioandikwa kwa jina. Nambari ya dharura ya bima iwe kwa kiongozi na kwa mtu mmoja nyumbani, maana wengi hawalipi kama hawakupigiwa kwanza.

Kwa wanaoondokea Dar au Nairobi: tiketi ya bei nafuu mara nyingi inapita Mumbai au Delhi. India inakataza simu na vifaa vya mawasiliano ya satelaiti bila kibali, na watu wamekamatwa uwanjani kwa hilo. Mpitie Doha au Dubai, au mkodishe kifaa Kathmandu.

#22 Tochi ya Kichwa
Viza je? Siku 30 zitatosha?

#23 Daftari la Njia
Mtanzania na Mkenya hupata viza uwanjani Kathmandu: siku 15 dola 30, siku 30 dola 50, siku 90 dola 125. Kwa njia ya Tarap mna siku 27, jumlisha mbili za Kathmandu na mbili za ndege ya Juphal kukwama: 31. Chukueni ya 90 mkaishi kwa amani. Ndege ya Juphal huruka asubuhi tu kwa sababu ya upepo wa mchana, na ikishindwa siku moja, abiria wa siku hiyo wanaungana na wa kesho. Mbadala ni gari hadi Dunai kwa barabara, siku mbili za vumbi na maporomoko.

#24 Kivuli cha Mawenzi
Wamekubali Tarap kwanza na akiba ya siku mbili. Wawili wanataka kusogeza hadi katikati ya Oktoba, anga liwe safi.

#25 Nyuzi Ishirini na Tisa
Anga safi, lakini Kang La inaanza kushika barafu na nyumbu ndio hao wa #14. Dolpo iko kwenye kivuli cha mvua cha mlima Dhaulagiri, na watu hudhani haipati theluji ya ghafla. Oktoba 14, 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud kutoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji Thorong La na pande za Dhaulagiri, wakafa watu 43 au zaidi, wengi wakiwa njiani kwenye ukungu mweupe.

#26 Daktari wa Zamu
Na Septemba je, #25? Mvua za masika ya huko zikichelewa kuisha, korongo la Tarap linakatika na Nepalgunj hakuna ndege. Mimi ningebaki na Oktoba na kuongeza siku.

#27 Nyuzi Ishirini na Tisa
Ningeanza Septemba 20. Korongo likikatika unasubiri Dunai kwenye mita 2,140, unakula dengu. Kang La ikifunga unasubiri kwenye 4,700.

#28 Mgumu wa Rongai
Kivuli, kabla ya tarehe, ulimuuliza wakala idadi ya nyumbu?

#29 Kivuli cha Mawenzi
Amejibu leo: saba. Nimemrudishia hesabu yako, nasubiri.